Andaa minyoo kabla samaki hawajataga

Wengi mnaoanza biashara ya samaki wa mapambo mna kilio kimoja: samaki wametaga vizuri, mayai yameanguliwa, halafu ndani ya wiki vifaranga wameisha. Maji safi, pampu inafanya kazi. Sasa shida ni nini?

Mara nyingi ni njaa. Kifaranga akishamaliza kiini cha yai alichototolewa nacho, anataka chakula kinachoingia kwenye mdomo wake mdogo, tena kinachojongea ili akione. Ukimwagia chakula cha unga, kingi kinazama na kuoza.

Dawa yake ni minyoo midogo sana, yenye urefu wa milimita 1 hadi 2. Siyo minyoo ya tumboni, haimdhuru mtu wala samaki.

MAHITAJI
- Makopo 3 ya plastiki yenye mifuniko
- Unga wa mahindi au oti
- Hamira
- Kijiko 1 cha mbegu ya minyoo kutoka kwa mfugaji mwenzako

HATUA
1. Pika uji mzito bila chumvi wala sukari. Uache upoe kabisa, uji wa moto utaua mbegu.
2. Mimina kwenye kopo, kina cha sentimita 1 hadi 2. Nyunyiza hamira kidogo tu juu yake.
3. Weka mbegu katikati.
4. Toboa mfuniko matundu madogo, uzibe kwa kitambaa ili nzi wasiingie. Weka kivulini.

Baada ya siku 4 hadi 7 utaona uso wa uji unatetemeka na minyoo inapanda ukutani mwa kopo. Hayo ndiyo mavuno. Ikombe kwa kidole kisafi au brashi, isuuze kwenye kikombe cha maji, kisha walishe.

Lisha kidogo kidogo, mara 2 au 3 kwa siku. Minyoo huzama, na isipoliwa itakufa na kuchafua maji.

KWA NINI MAKOPO 3?
Kopo moja hudumu wiki 2 hadi 4, kisha uji unakuwa majimaji. Mimi mwenyewe nilikuwa na kopo moja tu. Likaoza wiki ileile samaki walipotaga, nikapoteza uzao wote. Siku hizi naanzisha kopo jipya kila wiki, kwa mbegu ya lile la zamani. Harufu ya uchachu kama togwa ni kawaida, ila ukisikia harufu ya uozo, mwaga.

Usiende kuokota minyoo mitaroni, inaweza kukuletea magonjwa kwenye tangi. Na vifaranga wakianza kukua, wachanganyie chakula kingine laini, maana minyoo peke yake haitoshi.

Kwa hiyo, kabla hujawakutanisha dume na jike, hakikisha kopo la kwanza limeshaanza kupandisha minyoo.

Kazi njema.