Orodha ya Kusoma Tu

Wengi wetu tumo katika vyama vya ushirika. Tunapeleka kahawa, karani anapima, anaandika kilo, na malipo yanafuata daftari. Siku hizi katika vyama vingine daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Basi tujifunze kompyuta inavyotunza orodha, maana fedha zetu zimo humo.

Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa na watu. Maagizo hayo ndiyo programu, na lugha mojawapo ya kuyaandikia huitwa Java. Programu moja ina sehemu nyingi: moja ya kupima, moja ya kulipa, na kadhalika. Katika Java, orodha ya kawaida ni daftari lililo wazi mezani. Sehemu yo yote iliyopewa orodha hiyo inaweza kuongeza jina, kufuta, hata kubadili kilo. Hatari, si ndiyo?

Kwa hiyo tangu mwaka 1998 Java ina amri ya kutoa orodha ya kusoma tu. Sehemu iliyopewa orodha hiyo ikijaribu kuandika, inakataliwa papo hapo. Lakini hebu tuangalie vizuri, kwani hapa hukosea hata waliosomea kazi hiyo.

Orodha hiyo ni kama karatasi iliyo ndani ya kabati la kioo nje ya ofisi. Wewe huwezi kuigusa, kweli. Mwenye ufunguo je? Anafungua, anafuta kilo 60, anaandika 40. Kesho ukipita unasoma 40! Ndani ya programu, mwenye ufunguo ni ile sehemu iliyotengeneza orodha. Bado inalo daftari lenyewe, na kila inachobadili kinaonekana kwenye kioo.

Dawa yake ni nakala. Zamani ilibidi kuinakili orodha kwanza, kisha kuifunga nakala. Toleo la 10 la Java, la mwaka 2018, lilileta amri moja ya kufanya yote mawili. Nakala hiyo ni kama stakabadhi uliyokwenda nayo nyumbani. Daftari likibadilishwa, yenyewe bado inasema 60. Ila haijui mapya: mzigo uliopeleka baadaye haumo.

Swali la kuzungumza kisomoni: Chama kimefunga hesabu za msimu na kinataka kulipa. Sehemu ya malipo ipewe kioo au nakala? Na mkulima anayetaka kujua kilo zake za leo asubuhi, yeye aonyeshwe ipi?