Lori linanuka moshi? Anza na mtungi, nozeli baadaye

Maembe yameanza kukomaa, na barua zimefuatana nayo. Nilitarajia maswali ya nzi wa matunda, kama kila mwaka. Badala yake nyingi ya zile zilizonifikia kutoka Wote, Mbitini, Matinyani na Ikutha zinalalamikia mambo mawili: lori kuukuu linalotoa moshi wenye uvundo, na mzigo unaokataliwa sokoni kwa sababu maembe yamelainika njiani au yananuka mafuta. Wengi wameyaandika kama mambo yasiyohusiana. Mimi nayaona ni jambo moja, na leo safu nzima ni yake.

Embe huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Kinacholiamsha ni gesi iitwayo ethilini. Tunda lenyewe huitoa, na moshi wa injini nao unayo. Injini isipochoma mafuta vizuri, huitoa kwa wingi zaidi. Jambo hili lilijulikana kitambo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wafanyabiashara wa malimau kule California waliyageuza kuwa ya manjano kwa kuyafungia katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, wakiamini kuwa joto ndilo linalofanya kazi hiyo. Mwaka 1924 mtafiti Frank Denny akathibitisha kuwa kazi yote ilifanywa na ethilini iliyomo ndani ya moshi.

Sasa chukua lori la miaka ishirini na tano, limepita barabara za vumbi za Mutha na Ikutha msimu baada ya msimu, bomba la moshi limekatika katikati na hakuna aliyejali kulichomelea. Moshi hautoki nyuma tena. Unapanda kupitia nyufa za mbao za bodi na kutanda chini ya turubali. Kutoka huko hadi Marikiti, Nairobi, ni safari ya saa nyingi, na hapo hatujahesabu kusimama njiani. Turubali likifunguliwa alfajiri, kreti za pembe iliyo juu ya bomba zimelainika na kubadilika rangi, ilhali za mbele, karibu na kabini, bado ni ngumu kama zilivyopakiwa.

Mkulima, hiyo pembe ndiyo ushahidi wako. Broka atakuambia ulichuma yaliyoiva, na kwa hiyo atakata bei, wakati bei yenyewe msimu wa mavuno mengi tayari imeshuka sana. Kama kweli ulichanganya mabichi na yaliyoiva, yaliyolainika yangetapakaa ndani ya kreti zote. Yakiwa yamekusanyika upande mmoja wa lori, kosa ni la lori, na lori ni lake. Mwambie mwakilishi wa kikundi chenu anayeandamana na mzigo apige picha kabla ya kreti kushushwa. Wenye ndengu pia wasijione wako salama: punje ndani ya gunia hunyonya harufu, na ndengu iliyolala usiku mzima juu ya moshi wa dizeli mbovu hainusiki tena kama ndengu.

Kwa wale wenye magari yao, Canter ya zamani, Isuzu ya tani tatu au pikapu aina ya Hilux, naomba tuzungumze kuhusu tabia moja ambayo imenichosha. Ni dizeli ya mtungi.

Mnaijua. Mtungi wa njano wa lita 20, uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, umewekwa kando ya barabara kuu au nyuma ya duka, na bei yake iko chini ya ile ya kituo kwa shilingi kumi, ishirini, pengine zaidi. Mengine ni mafuta yaliyofyonzwa usiku kutoka kwa malori ya masafa marefu. Mengine yamepita mikono mitatu kabla ya kukufikia, na kila mkono umeongeza kitu: mafuta ya taa, maji, wakati mwingine hata oili chafu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, na wajanja wakaishi kwa tofauti hiyo. Ndiyo maana Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusilipe. Vituoni mamlaka ya nishati, EPRA, hupima kwa alama ya kikemikali inayotiwa ndani ya mafuta ya taa na ndani ya mafuta yanayopitishwa kwenda nchi jirani. Mtungi wa kando ya barabara haupimwi na mtu yeyote, hauna risiti, na kesho anayeuuza hayupo.

Hesabu yake haichukui muda. Safari ya kwenda na kurudi Nairobi inakula lita sabini hivi kwa lori la tani tatu. Ukiokoa shilingi 20 kwa lita, umebaki na 1,400 mfukoni. Kufungua na kukarabati pampu ya dizeli ni makumi ya maelfu, na hapo hujalipa nozeli wala siku ambazo gari limelala gereji maembe yakianguka shambani.

Na pampu itakufa, hilo usilitilie shaka. Dizeli hulainisha vyuma vinavyoisukuma. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana ulainisho wa kutosha, hivyo chuma kinasagana na chuma. Pampu za mzunguko, kama ile ya injini ya 2L ya Hilux, ndizo zinazoumia upesi kwa sababu sehemu zote za ndani zinategemea dizeli peke yake. Gari linaanza kwa kutoa moshi mweupe mwepesi unaochoma macho, injini inagonga, na kwenye mwinuko wa Kilungu inakosa nguvu. Mwenye gari anakwenda kwa fundi. Fundi anasema nozeli. Nozeli zinabadilishwa, mafuta ni yale yale, na baada ya wiki chache uvundo umerudi. Fundi anasema pampu. Hakuna aliyeuliza dizeli imenunuliwa wapi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi kwa fundi, fungua kifuniko cha tangi unuse. Kisha legeza skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli na ukinge nusu lita ndani ya chupa safi ya maji, ile inayoonyesha ndani. Iache kivulini kwa saa moja bila kuigusa. Maji yatazama chini na utaona mstari unaoyatenga na dizeli. Uchafu utalala juu ya mstari huo au chini kabisa. Halafu chukua karatasi nyeupe, weka tone moja la dizeli ya kituo unachokiamini na jingine la hiyo ya kwako, uianike juani. Dizeli huacha doa la mafuta linalokaa sana. Ile iliyojazwa mafuta ya taa itakauka mapema zaidi. Ikiwa imechanganywa kidogo, karatasi haitakuonyesha, kwa hiyo usiichukulie kama hakimu wa mwisho.

Ukiona shaka yoyote, mwaga tangi, badilisha chujio, jaza kituoni na uombe risiti. Endesha siku mbili tatu ukiwa na mzigo. Uvundo ukiisha, huna cha kutengeneza. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Usipoisha, ndipo tunaanza kuusoma moshi wenyewe. Fanya hivyo asubuhi, injini ikiwa baridi. Taniboi awashe, wewe simama kando ya bomba, usisimame nyuma yake, ushike kitambaa cheupe karibu na mdomo wa bomba kwa dakika moja.

Kitambaa kikiwa na masizi makavu meusi, na moshi ni mweusi, injini inakosa hewa au inapewa mafuta kupita kiasi. Kwa vumbi la kwetu anza na chujio la hewa. Nimeona vichujio vilivyopulizwa kwa kompresa hadi karatasi ikatoboka, na mwenye gari akajivunia kuwa ameokoa pesa za kipya. Vumbi linalopita kwenye tundu hilo linakula silinda.

Kikiwa na madoa ya mafuta mazito na moshi una rangi ya samawati na harufu kali ya oili iliyoungua, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma polepole. Ukiona moshi ukisukumwa nje kwa nguvu kama pumzi, ringi za pistoni zimechoka. Hapo hakuna dawa ya chupa. Zile za kumimina ndani ya oili zinazochuuzwa siku za soko zinaficha moshi kwa muda tu, na anayezinunua anaahirisha gharama huku ikikua.

Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi kwa dakika mbili za asubuhi kisha ukakoma ni uzee wa kawaida. Ukiendelea hata injini ikishapata joto, kuna silinda isiyochoma. Kwa injini za zamani, na narudia, za zamani tu, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Nati ikilegezwa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Asitie mkono mbele ya mafuta yanayoruka, maana mgandamizo wake hutoboa ngozi. Magari mapya yenye mfumo wa kompyuta yasiguswe kabisa kwa njia hii.

Vitabu vitakuambia kuwa harufu tamu ndani ya moshi ni dalili ya maji ya rejeta kuingia kwenye silinda. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni hutaisikia, kwa sababu wengi wetu tunajaza maji matupu badala ya kulanti, tena maji ya kisima yenye chumvi ambayo hula rejeta na gasketi ya silinda hedi. Tazama kiwango cha maji badala yake. Yakipungua kila siku bila kuvuja chini, na oili kwenye kijiti imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena gari hilo. Livute hadi gereji.

Kuna harufu moja inayowapoteza mafundi wengi: ile ya yai viza. Lori la zamani la dizeli halina katalisti, na dizeli ya Kenya imekuwa na salfa kidogo tangu 2015, ilipowekewa kikomo cha sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo bomba la moshi kwa kawaida halina hatia. Nenda kwenye betri. Alteneta ikichaji kupita kiasi, maji ya betri huchemka na kutoa gesi ya uvundo huo. Iguse ubavuni, ikiwa ya moto, pima chaji. Kwa mfumo wa volti 12, ikizidi 15 kidhibiti kimekufa. Kwa lori la volti 24, ni kuanzia 30. Usiisogelee na sigara wala kiberiti, kwa maana betri inayochemka hulipuka.

Neno kwa madereva wa usiku. Moshi ukinukia ndani ya kabini, gasketi ya manifoldi au bomba lililo chini ya kiti limepasuka. Gesi inayoua katika moshi huo haina harufu. Kichwa kikiuma na usingizi ukaja ghafla, simamisha gari, shuka, fungua milango yote. Usimeze dawa ya kichwa ukaendelea na safari.

Narudi kwa wanaouza shambani. Lori la broka likifika, usianze kupakia kabla taniboi hajaliwasha na wewe kuchungulia chini yake. Bomba lifike nyuma ya bodi, lisitoboke popote. Mbao zenye nyufa zitandikwe turubali chini kabla ya kreti. Broka akikataa, muulize kwenye simu kabla lori halijageuzwa, mbele ya wanakikundi wote, nani atalipia yatakayolainika, na mwandike jibu lake. Wa Makueni walio karibu na kiwanda cha kusindika maembe cha Kalamba, kilichofunguliwa 2017, ulizeni wanapokea lini na kwa bei gani kabla ya kukubali lolote. Safari fupi haitoi nafasi ya moshi kuharibu mzigo. Nafasi imeniishia. Waliouliza kuhusu mitego ya nzi wa matunda, nitawajibu wiki ijayo, na mitego iwekwe sasa bila kuningoja.