SOMO: HAKI YA MGENI KWA MWENYEJI ALIYE UGENINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Ndugu Muislamu, Samail na Unguja zimekuwa zikipelekeana wageni tangu zama za wazee wetu. Sheikh Nasir bin Salim Al-Bahlani, anayejulikana kwa jina la Abu Muslim, alizaliwa Mahram katika nchi hii ya Samail, akawa kadhi Unguja, na huko akafariki mwaka 1920. Safari iliyokuwa ikingoja pepo za msimu leo ni ya saa chache kwa ndege, na nyumba zetu hupokea jamaa kutoka Unguja, Pemba na Mombasa mwaka mzima. Basi inatupasa tuzijue hukumu za jambo hili, khasa kwa yule ambaye mwenyewe ni mgeni katika nchi, naye amekuja kujitolea bila ya ujira.

KISA

Alinijia kijana kutoka Unguja aliyekuwa akisomesha watoto Qur-ani kwa kujitolea katika mtaa mmoja wa Samail. Alikaa katika chumba cha wakfu karibu na msikiti, na chakula chake kilitoka kwa majirani. Akajiwa na mjomba wake, pamoja na mkewe na watoto watatu, waliotoka Umra, nao wakakaa mwezi mzima. Kijana akaona haya kuwaonesha hali yake. Akachukua nyama kwa mkopo kila siku. Siku ya kwanza akachinja mbuzi ambaye thamani yake hajailipa. Akawalisha tende zilizowekwa wakfu kwa ajili ya kuwafuturisha wafungao. Akafunga chuo wiki mbili ili awatembeze wageni. Walipokaribia kuondoka alinijia usiku, akasema: "Sheikh, nimemkirimu mjomba wangu, lakini moyo wangu hautulii."

Nikamuuliza: "Mjomba wako anayajua haya?"

Akasema: "Hajui, Sheikh. Ningelimwambia vipi?"

HUKUMU YAKE

Kumkirimu mgeni ni katika alama za imani, na Mtume (s.a.w.) ameufungamanisha ukarimu huo na kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Mgeni akiwa ni wa damu, haki yake ni mbili: ya ugeni na ya kuunga udugu. Lakini izingatie, ewe ndugu yangu, Aya ya 26 ya Suratul Israa. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha jamaa wa karibu apewe haki yake, na katika Aya hiyo hiyo akakataza ubadhirifu. Amri na katazo vimewekwa mahali pamoja, ili mtu asije akaivunja ya pili kwa kisingizio cha ya kwanza.

Tena kitazame kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) katika Suratu Dh-Dhaariyaat. Walipomjia wageni aliondoka kimya kimya akenda kwa watu wa nyumbani kwake, akaleta ndama aliyenona. Alikwenda kwa ahli yake. Hakwenda kwa jirani kukopa, wala hakutwaa amana ya mtu. Ukarimu ni kutoa kilicho chako na kilichopo. Na wale Ansari waliosifiwa katika Suratul Hashri kwa kuwatanguliza wengine ilhali wao wenyewe ni wahitaji, walichokitoa kilikuwa ni chakula chao wenyewe.

Kwa hivyo nilimpambanulia kijana mambo matatu:

Kwanza, tende za wakfu. Sharti ya mwenye kuweka wakfu hufuatwa. Tende zilizowekewa wafungao hazili asiyefunga, awe mgeni au mwenyeji. Aliyezitoa pasipo mahali pake ana dhamana ya kuzirudisha kwa kipimo chake na jinsi yake, pamoja na toba. Na chumba nacho ni kama hivyo. Yeye ameruhusiwa kukaa yeye. Kuweka jamaa mwezi mzima kunahitaji idhini ya msimamizi wa wakfu.

Pili, deni. Kukopa kwa dharura kunajuzu kwa mwenye nia na njia ya kulipa. Kukopa ili mgeni asijue kwamba wewe huna ni kujikalifisha, na Sahaba Salman Al-Farisi ni katika waliopokea katazo la kujikalifisha kwa ajili ya mgeni.

Tatu, chuo. Wako wasemao kwamba mwenye kujitolea hana lawama akiacha, kwani halipwi. Sivyo. Ijapokuwa hana ujira, ametoa ahadi, na wazazi wamemuamini kwa watoto wao. Akihitaji ruhusa ya siku mbili tatu, awajuze, au aweke wa kushika mahali pake.

WAJIBU WA MGENI

Wazee wetu wa pwani husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ni pana zaidi: mchana na usiku mmoja ni tunu, siku tatu ni ugeni, na kinachozidi hapo ni sadaka ya mwenyeji. Pamoja na hayo, Mtume (s.a.w.) amemkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Ewe unayekwenda kumzuru jamaa yako ughaibuni, usidhani kwamba kila aliyeko Ghuba ana mali. Muulize hali yake kabla ya kukata tiketi. Changia chakula kwa njia isiyomvunjia heshima. Na muda wa viza ukisha, ondoka, kwani hiyo ni ahadi, na kutimiza ahadi ni wajibu.

SALA YAO

Katika madhehebu yetu, aliyetoka kwao kwa umbali wa farsakhi mbili, nazo ni kiasi cha kilomita 12, husali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili muda wote asipoifanya nchi aliyofikia kuwa ni watani wake, hata akikaa miaka. Wageni wale walikuwa wakipunguza sala, na kijana naye vile vile, kwani nia yake ilikuwa ni kurejea Unguja. Wakisali nyuma ya imamu mkaazi, hutimiza nne pamoja naye. Na msafiri akiwasalisha wakaazi, yeye hutoa salamu baada ya mbili, nao husimama wakatimiza.

Nikamwambia kijana: "Mwanangu, wewe na mjomba wako nyote ni wasafiri mbele ya Mola wenu, na sala yenu ni moja. Basi haya ya nini baina ya msafiri na msafiri?"

Akaenda akamwambia mjomba wake yote. Mzee yule akalia, akasema: "Laiti ungeliniambia siku ya kwanza, mwanangu! Kwa mama yako tulikuwa tukila wali kwa mchuzi mtupu, na tulikuwa tukishiba." Akalipa sehemu ya deni. Kijana akamuendea msimamizi wa wakfu akakiri, na baada ya mavuno akazirudisha tende, fardh kwa fardh. Siku chache zilizobakia chuo kilifunguliwa, na watoto wa mjomba walikaa jamvini pamoja na watoto wa Samail, wakisoma. Huo ndio ukarimu mkubwa kuliko wote aliowafanyia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu kwa wageni wema, na azikinge na haramu hata iwe ni punje moja ya tende.

Wabillahi Taufiq.