Saladi ya viazi: Iandae vyema, wageni warudi nyumbani wazima

Miezi ya jua, kuanzia Desemba hadi mwanzo wa mvua ndefu, ndiyo miezi ya shughuli katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kuna harusi na ruracio, kuna vijana waliotoka jandoni, na kuna jamaa waliorudi kutoka Nairobi kukutana na wazazi. Katika mtaa wa Majengo, hapa mjini Nyeri, masufuria makubwa hayapoi msimu huu. Kando ya pilau, mukimo na nyama choma, chakula kimoja kimezoeleka sana mezani: saladi ya viazi.

Ni chakula kizuri. Viazi vyetu, ambavyo wengi hapa huviita waru, hulimwa karibu na bei yake si kali. Hata hivyo, saladi hii inahitaji uangalifu kuliko vyakula vingine vya sherehe, na makala ya leo yatakueleza sababu na namna ya kuiandaa.

Tofauti kati ya mukimo na saladi

Mukimo hupondwa ungali moto na kuliwa moto. Pilau hutoka jikoni ikifuka moshi. Katika vyakula hivyo, kitu cha mwisho kukigusa chakula kabla ya mlaji ni moto, na moto huua bakteria nyingi.

Saladi ya viazi ni kinyume. Viazi huchemshwa, kisha humenywa kwa mikono, hukatwa kwa kisu, huchanganywa na vitu vibichi kama vile kitunguu na dania, na mwisho huliwa baridi. Kitu cha mwisho kuigusa ni mkono wa mtu. Bakteria yoyote itakayoingia baada ya viazi kuiva haitakutana tena na moto.

Watu wengi hulaumu mayonezi. Ukweli ni kwamba mayonezi ya kiwandani ina siki, na ukali wake huwazuia bakteria kustawi. Hatari zaidi ni mayonezi ya nyumbani iliyotengenezwa kwa mayai mabichi, kwani mayai yanaweza kubeba bakteria aina ya salmonela. Ila hata ukitumia mayonezi ya kiwandani, viazi na mayai uliyochanganya nayo ni chakula kinono kwa bakteria, hasa chombo kikikaa juani.

Hesabu ya saa mbili

Bakteria huzaana haraka chakula kikiwa na joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za selsiasi. Katika hali inayowafaa, bakteria mmoja huweza kuwa wawili kwa muda wa dakika 20. Kwa hesabu hiyo, mmoja huwa 8 baada ya saa moja, 64 baada ya saa mbili, na zaidi ya 4,000 baada ya saa nne. Ikifika saa sita ni zaidi ya 260,000.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la nyumba kwa zaidi ya saa mbili. Kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, au kiwe moto kupita nyuzi 60.

Hapa Nyeri wapo wanaosema kwamba baridi yetu ya usiku ni friji tosha. Sivyo. Hata usiku unaokulazimu kujifunika blanketi mbili, hewa ya jikoni huwa juu ya nyuzi 5. Viazi vilivyochemshwa jioni na kuachwa mezani hadi asubuhi vimewapa bakteria usiku mzima wa kuzaana.

Adui mwingine ni bakteria aitwaye stafilokoka. Huyu huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wasio na ugonjwa wowote, na hujaa zaidi kwenye vidonda na majipu. Akiingia katika chakula na kupewa muda, hutoa sumu ambayo haiharibiki hata chakula kikipashwa moto tena. Mlaji huanza kutapika kati ya nusu saa na saa nane baadaye. Kwa hivyo, saladi iliyolala nje haiokolewi kwa kupashwa moto wala kwa kuongezewa siki. Itupe.

Mafunzo kutoka kwingine

Mwaka wa 2015 huko Ohio, Marekani, waumini wa kanisa moja walikula chakula cha pamoja ambacho kila familia ilichangia. Watu 29 waliugua botulizimu na mmoja akafariki. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo kilikuwa saladi ya viazi. Viazi vyake vilikuwa vimehifadhiwa nyumbani ndani ya vyombo vilivyofungwa, bila kupikwa kwa mvuke wa shinikizo kama inavyotakiwa. Mbegu za bakteria huyo hustahimili maji yanayochemka, na zikipata mahali pasipo hewa na penye joto huamka na kutoa sumu inayopooza misuli. Funzo kwetu ni kwamba viazi vilivyochemshwa visifungiwe ndani ya mkebe au mfuko na kuachwa kabatini. Vipikwe na kuliwa siku hiyo, au vikae kwenye friji.

Hapa kwetu, mkurupuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulihusishwa mwanzoni na watu waliohudhuria harusi huko Limuru, Kaunti ya Kiambu. Kisha ulienea katika kaunti nyingine na kuendelea hadi mwaka wa 2023. Sitaji kisa hiki ili kuwatisha watu wasialikane. Nakitaja kwa sababu wageni wa sherehe moja hurudi katika miji mingi, na hubeba pamoja nao walichokula.

Kuchagua viazi

Chagua viazi vigumu, visivyo na mabaka ya kijani wala machipukizi. Rangi ya kijani huonyesha kwamba kiazi kilipigwa na mwanga, na kiazi cha namna hiyo huweza kuwa na sumu iitwayo solanini. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka wa 1969 huko London, wanafunzi 78 waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliotangulia, na 17 kati yao wakalazwa hospitalini. Wote walipona.

Aina ya Shangi, inayouzwa kwa wingi katika masoko yetu, huiva upesi lakini pia huchipua mapema baada ya kuvunwa. Usinunue gunia mwezi mzima kabla ya sherehe. Viweke mahali penye giza, pakavu na penye hewa. Kiazi kilichoingia kijani sana au chenye ladha chungu kitupwe, usimpe mtoto.

Mahitaji kwa watu 20

Viazi kilo 3, mayai 8, karoti 3, vitunguu 2, pilipili hoho 2, fungu moja la dania, siki vijiko vikubwa 5, mayonezi ya kiwandani kikombe kimoja, maziwa mala mazito ya pakiti kikombe kimoja, chumvi kijiko kimoja kikubwa cha kutia katika maji ya kuchemshia, na pilipili manga kidogo.

Nimepunguza mayonezi kwa makusudi. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi kina takriban kalori 90, karibu sawa na gramu 100 za kiazi kilichochemshwa. Maziwa mala hulainisha saladi bila kuijaza mafuta.

Namna ya kuandaa

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye kidonda mkononi, anayeharisha au anayetapika asiingie jikoni siku hiyo. Apewe kazi ya kupanga viti.

2. Tenga kisu na ubao wa saladi. Kisu kilichokata kuku mbichi au nyama kisiguse viazi vilivyoiva mpaka kioshwe kwa maji moto na sabuni.

3. Osha viazi vikiwa na maganda, uvitie katika maji baridi yenye chumvi, kisha uweke motoni. Vikiwa na ukubwa unaolingana vitaiva pamoja. Kumbuka kwamba kwa sababu ya mwinuko wetu, maji ya Nyeri huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Viazi na mayai huchukua muda zaidi. Anza kuvichoma viazi kwa kisu baada ya dakika 20. Kisu kikipenya bila kukwama, vipakue. Shangi itazame mapema, isije ikapasuka.

4. Chemsha mayai kwa dakika 12 tangu maji yaanze kutokota, hadi kiini kiwe kigumu. Yapoze katika maji safi ya kunywa. Chemsha karoti kidogo ukipenda.

5. Menya viazi vingali na joto, uvikate vipande na kuvinyunyizia siki papo hapo. Kiazi chenye joto hunyonya siki, nacho hupata ladha hadi ndani.

6. Vitandaze kwenye sinia pana, si kwenye sufuria yenye kina. Rundo kubwa hubaki na joto katikati kwa saa nyingi. Weka sinia juu ya beseni la maji baridi na uifunike kwa kitambaa safi chepesi ili nzi wasitue. Vikishapoa, vitie katika friji.

7. Osha dania, hoho na vitunguu kwa maji safi, ukivisugua vizuri, kisha uvikate. Changanya vyote kwa mwiko, si kwa mkono, ukitia mayonezi na maziwa mala mwishoni.

Ikiwa huna friji

Nyumba nyingi za mtaani hazina friji, au zina friji ndogo isiyoweza kubeba karamu. Bado unaweza kuandaa saladi salama, mradi upange saa zako.

Tuseme chakula ni saa saba mchana. Tia viazi motoni saa tano, wala si jana yake. Vimenye na kuvitandaza vikiiva, na uchanganye saa sita na nusu. Saladi ipakuliwe saa saba, na ikifika saa saba na nusu iwe imeondolewa mezani.

Hotuba za wazee na picha za maharusi huchelewesha chakula. Kwa hivyo, usichanganye saladi kwa kufuata saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko. Mtume mtoto achungulie. Ikiwa wasemaji bado ni wengi, acha viazi motoni au usivitie kabisa mpaka wakaribie kumaliza. Ukiwa na barafu, weka bakuli la saladi ndani ya karai lenye barafu. Pakua bakuli ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, badala ya kuliacha beseni zima chini ya hema lenye joto.

Kuhusu masalio, najua uchungu wa kutupa chakula, hasa penye mchango wa watu. Afadhali upike pungufu, kisha uongeze mkate au ndizi. Usimfungie jirani saladi iliyokaa nje mchana kutwa.

Wenye kisukari na shinikizo la damu

Wagonjwa wa kisukari huuliza kama viazi ni haramu kwao. La. Kiazi kilichochemshwa na kupoa huwa na sehemu ya wanga isiyosagika upesi, hivyo sukari hupanda polepole kidogo kuliko kiazi cha moto. Hata hivyo, kipimo kisizidi ukubwa wa ngumi yako, na usile pamoja nacho wali na chapati. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi mezani. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote.

Mtu akiugua

Anayetapika au kuharisha anahitaji maji na chumvichumvi kwanza. Mpe dawa ya maji ya pakiti, ukifuata kipimo cha maji kilichoandikwa. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo.

Mpeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa ukiona damu katika choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, mkojo uliopungua sana, usingizi usio wa kawaida, au choo kinachotoka kama maji ya mchele. Kope zikilegea, akiona vitu viwili viwili, au akishindwa kumeza au kuzungumza, hiyo ni dharura hata kama haharishi. Wadogo, wazee na waja wazito wasisubirishwe. Kama walaji kadhaa wameugua, mjulishe afisa wa afya ya umma, na umwekee sampuli ya chakula hicho ndani ya friji.

Kwa muhtasari

Chagua viazi visivyo vya kijani. Osha mikono na kutenga kisu. Poza kwenye sinia pana. Changanya wageni wakiwa tayari kula. Baada ya saa mbili, tupa.

Mwenye sherehe hukumbukwa kwa ukarimu wake. Mpangie kazi mtu mmoja mwaminifu, shangazi au binamu, ambaye siku hiyo hana jukumu lingine ila kuitazama saa na kuiondoa saladi mezani muda wake ukifika. Karamu njema.