Redio ya Upepo kwa Familia Zinazohamia Shamba

Somo la mwezi huu halihusu dawa wala chanjo. Linahusu namna ya kuita msaada. Katika bonde la Kilombero wagonjwa wengi hutufikia wakiwa wamechelewa, na mara nyingi kuchelewa huko hakukuanzia barabarani. Kulianzia shambani, kwa sababu aliyekuwa na mgonjwa hakuwa na njia ya kumwambia mtu.

Mkulima wa mpunga wa Mchombe anajua ninachosema. Mvua zikianza, familia hufunga nyumba ya kijijini iliyo karibu na barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, ikahamia bondeni kwenye dungu au kibanda cha shamba. Huko watu hulima, hupanda na kupalilia, na mpunga ukitoa masuke mama na watoto hubaki kuamia ndege mpaka mavuno. Baba huenda na kurudi. Miezi hiyo ndiyo yenye mbu wengi. Tena masika, kati ya Machi na Mei, mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa hujaa, na njia za bondeni hugeuka maji. Mtoto akishikwa na homa saa 3 usiku, mama yuko peke yake na kibatari.

Zamani, kabla ya simu za mkononi, misheni na hospitali nyingi za Tanzania ziliitana kwa redio ya upepo kwa saa zilizopangwa. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, lilijenga mtandao wa redio za namna hiyo katika miaka ya 1960, ili hospitali za mbali ziweze kuuliza ushauri na kuita ndege ya daktari. Mfano ulio karibu zaidi na familia zetu ni wa Uganda. Mwaka 1996, katika wilaya ya Iganga, mradi ulioitwa RESCUER uliosaidiwa na UNFPA uliwapa wakunga wa jadi redio za mkononi. Kwenye vituo vya afya ikawekwa redio kubwa, na likawepo gari la kumchukua mama. Angalieni mpango wenyewe: redio ya mkunga, mtu wa kituo anayesikiliza, na chombo cha kubeba mgonjwa. Ukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki havimfikishi mama popote.

Leo simu za mkononi zimeenea, na mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unapokea simu kwa namba 115 bila malipo kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga mwenye hali ya hatari. Penye mtandao, piga namba hiyo kwanza. Redio ya upepo ni kwa ajili ya kule bondeni ambako simu haishiki, au inashika mpaka upande juu ya mti. Nami sishauri kila nyumba inunue ya kwake. Ni gharama kubwa, na redio mbili za ndugu wawili ambao wote wako shambani hazimfai mgonjwa. Afadhali kaya za bonde moja zichangie, zikubaliane na zahanati au na mtu mmoja wa kijijini ambaye hahami.

Sasa tuone redio inavyofanya kazi, maana wengi hudanganywa dukani. Boksi linaweza kuandikwa kilomita nyingi. Redio ndogo za mkononi hutumia mawimbi yanayokwenda karibu moja kwa moja kama macho yanavyoona. Mlima ukiwa katikati, yanakatika. Mtu aliyesimama kwenye tambarare ana upeo wa kilomita kama 5 tu. Antena iliyofungwa juu ya mlingoti wa mita 10 ina upeo wa kilomita kama 13. Jumlisha: kati ya shamba na mlingoti huo ni kilomita kama 18, pakiwa peupe. Miti na nyasi ndefu hupunguza. Kwa hiyo fedha ya ziada ikipatikana, msinunue redio yenye wati nyingi, nunueni mlingoti mrefu. Naye aliye shambani apande juu ya dungu au kichuguu, ashike redio wima, antena ikitazama juu. Wakati wa radi ashuke, na huku kijijini waya wa antena uchomolewe, kwa sababu mlingoti huvuta radi.

Jambo linalosahauliwa ni nani anasikiliza. Redio ya kijijini ndiyo isiyozimwa. Iunganishwe na betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, ikae chumba analolala mtu, sauti ikiwa juu. Kusikiliza hula umeme kidogo, kusema ndiko hula mwingi. Redio ya shambani hufanya kinyume: huzimwa ili betri isiishe, na huwashwa kwa saa za makubaliano, tuseme saa 1 asubuhi na saa 2 usiku, na wakati wowote wa shida. Saa ya usiku ikipita bila shamba fulani kuita, msikilizaji anaandika. Saa ya asubuhi ikipita pia, mtu anatumwa na baiskeli au mtumbwi. Hilo likubaliwe mapema na jina la anayetumwa lijulikane, vinginevyo kila mtu atadhani mwenzake ameshakwenda.

Kuzungumza kwenyewe kunataka mazoezi. Bonyeza kitufe, ngoja kidogo, ndipo useme. Ukianza kusema mara moja neno la kwanza hukatika. Ukimaliza achia, la sivyo humsikii mwenzako. Kila shamba liwe na jina fupi. Mazungumzo yawe hivi:

“Kijiji, kijiji, hapa Mtoni. Unanipata?”

“Mtoni, nakupata. Sema.”

“Nina mtoto wa kike, miaka 2. Homa tangu jana. Amepata degedege mara moja jioni hii. Hawezi kunyonya. Maji ya kijito yanafika kiunoni. Mwisho.”

“Narudia: miaka 2, homa tangu jana, degedege mara moja, hanyonyi, maji kiunoni. Ni sahihi?”

Mpokeaji arudie na aandike. Maneno hayo machache yanamwambia mhudumu wa afya karibu yote anayohitaji: umri, ugonjwa ulipoanza, dalili ya hatari na hali ya njia. Dalili za hatari kwa mtoto mama azijue kwa moyo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki. Kwa mjamzito ni kutoka damu, kifafa, kichwa kuuma sana na macho kuona maluweluwe, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au uchungu unaozidi saa 12. Ukiona hata moja, usingoje saa ya makubaliano.

Wakati msaada uko njiani, mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Anayeweza kunyonya aendelee kunyonya. Degedege linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na usiku mmoja uliopotea kwa mganga haurudi.

Kuna jambo la aibu kidogo, lakini niliseme. Redio haina siri. Kila mwenye redio kwenye masafa hayo anasikia, na bondeni hakuna burudani nyingi usiku. Usitaje jina la mgonjwa wala ugonjwa wa siri, na usitaje dawa anazotumia kila siku. Taja jina la shamba, umri na dalili. Mengine mhudumu atayasoma kwenye kadi ya kliniki.

Kuhusu sheria, redio hizi hazinunuliwi na kutumiwa ovyo. Masafa na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio za bei nafuu zinaweza kuingia kwenye masafa ya watu wengine, wakiwemo polisi, na hilo ni kosa. Kikundi kiandike maombi kwa pamoja kupitia serikali ya kijiji au kituo cha afya, kabla ya kununua chochote.

Pia akina mama wasinielewe vibaya. Redio haizuii damu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2, na hakuna mtumbwi unaotoka bondeni na kufika Ifakara kwa muda huo. Mwenye mimba ya miezi 8 asihamie shamba hata kama redio inasikika kama kengele. Abaki kijijini karibu na kituo, na wakwe na mume wapange nani ataamia ndege mwaka huo.

Kabla ya kuhama, tengeni siku moja ya majaribio. Mtu akae kwenye redio ya kijiji, mwingine azunguke mashamba yote akiita kutoka kila dungu, mchana na tena usiku. Andikeni palipojibu na palipokaa kimya. Dungu lisilosikika siku hiyo, mama mwenye mtoto mchanga asilale huko mpaka mlingoti uongezwe urefu na jaribio lirudiwe.