Mafunzo Niliyopata kwa Wafunga Chambo wa Gusii

Chambo cha manyoya ni ndoana iliyozungushiwa uzi na manyoya hadi samaki aione kama mdudu. Kenya imekuwa ikifunga vyambo hivi na kuviuza Ulaya na Marekani tangu enzi za ukoloni. Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha Kisii na Nyamira wamo waliowahi kuifanya kazi hiyo kwa malipo, na wamo walimu, wakulima wa chai na wanafunzi wanaoifanya kwa mapenzi tu. Mimi ni mmoja wa wasimamizi. Haya ndiyo yaliyonifunza.

1. Chambo cha kwanza cha mgeni hakilali bila jibu.

Anayetuma picha ya kazi yake ya kwanza amejitoa mbele ya watu wasiomjua. Asipojibiwa hadi kesho, hatatuma ya pili. Lakini jibu lenyewe liwe na kitu ndani yake. "Hongera" tupu haimwambii afanye nini jioni inayofuata. Karibu kila mwanafunzi hujaza uzi na manyoya hadi kwenye tundu la ndoana, kisha anakosa mahali pa kufungia kichwa. Tukimwambia, "Mkia umekaa vizuri, sasa acha nafasi kidogo nyuma ya tundu," anarudi na chambo kingine kabla wiki haijaisha. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba nalitanguliza kuliko kanuni yoyote ya kikundi.

2. Mwombe fundi aonyeshe mkono wake.

Hili lilituchukua muda mrefu zaidi. Aliyelipwa kwa dazeni amefunga muundo mmoja kutwa, kila kimoja sawa na mwenzake, na kilichopinda hakikulipwa. Akimwona kijana anabadilisha rangi kila siku, anaona ndoana zinaharibiwa. Kijana naye anaogopa kutuma chochote mbele ya fundi. Tulipouliza maoni ya jumla, mafundi walinyamaza, hasa akina mama. Tulipouliza swali la mkono, kwa mfano namna ya kukaza uzi mwembamba bila kuukata, mama mmoja wa upande wa Nyamira alituma sauti kwa Ekegusii, akaeleza kidole kinakaa wapi na uzi unalegezwa lini. Hapendi kuandika, na hatumlazimishi. Mwenzetu mmoja huandika kwa Kiswahili alichosema, ili wanachama walio Kericho na Kisumu wasiojua Ekegusii waelewe.

Heshima ina kazi kubwa hapa. Hata mwenye digrii huanza na salamu, "Bwakire, Mama," kabla ya swali. Mzee akisahihishwa, anasahihishwa kwa ujumbe wa faragha. Pale mezani pa kufungia, mwenye mkono mzuri ndiye mwalimu, awe na cheti au asiwe nacho.

3. Vifaa vya ng'ambo visitangulie.

Picha ya sanduku lililojaa manyoya ya bei ghali humfukuza mwanagenzi kimyakimya. Sisi humwanzisha na Woolly Bugger, muundo wa Mmarekani Russell Blessing wa mwaka 1967: ndoana kubwa, mkia laini, mwili wa uzi mnene, unyoya wa jogoo umezungushwa juu. Uzi wa sufu wa kufuma unatosha, na jogoo hawakosi Gusii. Ndoana nzuri ndizo gharama, na wengi huzinunua bonasi ya chai inapoingia.

Jambo moja silegezi. Manyoya laini yanayoitwa marabou yalipewa jina la kongoti, yule ndege mkubwa anayezurura kwenye majaa ya taka Kisumu, lakini siku hizi hutoka kwa bata mzinga wa kufugwa. Ndege wa porini wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Picha yenye manyoya yao tunaiondoa, na aliyeituma tunamweleza sababu kwa upole.

4. Picha kwa hatua, video kwa nadra. Video inakula bando, na asiye na bando huanza kujiona hayumo.

5. Kikundi kisichofika majini hupoa.

Tukifunga kwa ajili ya picha tu, mazungumzo hufa. Kwa hiyo kila mwezi tunachagua mto au bwawa moja na kila mtu anafunga chambo cha huko. Trauti waliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905 wakawekwa katika mto Gura, lakini kwetu si lazima kuwafuata huko wala mto Kiptiget upande wa Kericho. Mpango wa serikali wa 2009 uliolenga kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, ulifika hapa pia, na bwawa la jirani lenye perege ni darasa tosha kwa anayeanza. Mto Gucha, unaoanzia vilima vya Nyamira na huko chini huitwa Kuja, una fwani, samaki mwenye nguvu anayekimbilia chambo. Samaki wengine, ningu, nao hupanda mito ya Gucha na Sondu kutaga mvua inaponyesha. Wamepungua sana, na tumekubaliana kutowagusa.

Mvua ndefu zikianza maji huwa ya kahawia, kwa hiyo kazi ya Aprili ni chambo cheusi, kinene, chenye uzito kichwani. Anayetaka kujaribu na hana ndoana aseme kikundini, atatengewa.