Dondoo muhimu: Tangawizi ya pambo kwenye kivuli cha gorofa

Katika mitaa ya Umoja na Kayole, Eastlands ya Nairobi, gorofa zimesongamana, roshani nyingi hazipati jua la moja kwa moja. Kivuli hicho ndicho Kaempferia inachokitaka. Ni jamaa ya tangawizi na manjano, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Majani yake mapana yenye michoro ya kijani na fedha hulala karibu na udongo. Ua lake la zambarau hafifu hudumu siku moja tu, kwa hiyo ipandie majani.

Udongo ndio kazi yenyewe. Ule mweusi wa mfinyanzi wa Eastlands hushika maji ukilowa na kupasuka ukikauka. Tunguu litaozea humo. Changanya udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na mchanga. Mkebe wa rangi wa lita 4 unatosha, ila utoboe mashimo chini, tena si moja. Fukia tunguu sentimita 2 au 3, jicho likitazama juu.

Panda Machi, mvua ndefu zikikaribia. Mwagilia udongo wa juu ukianza kukauka. Siku mfereji ukikosa maji, ya kuoshea mchele au mboga yanafaa. Yenye sabuni hapana.

Baridi ya Juni hadi Agosti majani yanaweza kunyauka yote. Tafadhali usiutupe mkebe! Mmea umelala. Acha kumwagilia, uweke mahali pakavu, na joto likirudi uanze tena kwa maji kidogo kidogo hadi uone chipukizi.